Vanila Kwenye Kibuyu cha Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupima vanila. Si ile ya maganda meusi inayotoka kwenye mmea. Hiyo sijawahi kuiona ila kwa picha. Yangu ni unga mweupe, laini kuliko chumvi, unaokuja kwenye katoni zilizotandikwa nailoni ndani, na jina lake limebandikwa ubavuni: vanilini. Mkuu wetu wa maabara, mtu asiyeweza kukuona umekaa bila kukufundisha kitu, aliniambia kwamba ni aldehidi, kwamba inatengenezwa viwandani, na kwamba hiyo hiyo ndiyo huwekwa kwenye manukato ya madukani na kwenye biskuti za watoto.

"Hata moshi wa kuni uko nayo kidogo," akasema.

Nikamwambia basi jikoni kwa mama yangu tuna kiwanda. Hakucheka. Watu wa maabara hawacheki kabla ya saa nne.

Tunatengeneza yogati, hapa Nakuru, upande wa viwanda. Chumba cha kupimia ni changu. Napima unga, nauyeyusha, natia kwenye mitungi myeupe ya lita kumi, na mitungi inapelekwa kwa wale wa matangi. Nimekaa humo miaka kumi na miwili. Wiki ya kwanza niliumwa na kichwa mpaka nikafikiria kuacha kazi. Mwezi wa tatu nilifungua mfuko mpya nikadhani tumeuziwa chaki iliyosagwa. Niliinama nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikavuta tena, nusura niingize unga puani. Hakuna.

Mkuu wa maabara alinieleza kwamba pua ni kama mlinzi wa getini. Akimzoea mtu hamuulizi tena anaenda wapi. Kahawa naisikia. Kitunguu nakisikia. Ugali wa jirani ukiungua nausikia nikiwa bado barabarani. Vanila tu ndiyo inapita hapa kwangu bila kuulizwa, na haijawahi kurudi kuulizwa mpaka leo.

Wengine huisikia kwangu. Siku moja kwenye foleni ya benki, mtoto aliyebebwa mgongoni alininyooshea mkono akasema, "Mama, keki." Kanisani watoto wa Sunday school hung'ang'ania kukaa karibu na mimi, na si kwa sababu mimi ni mpole. Mume wangu anadai alinipenda kwa pua kwanza. Upuuzi huo nilishauzoea.

Mimi ni wa Dundori, Mkikuyu, mtoto wa viazi na ng'ombe watatu. Mume wangu ni Mkipsigis wa Kuresoi, kule juu kupita Molo, nao pia ni viazi na ng'ombe, kwa hivyo ungedhani tulitoka boma moja. Lakini miaka mingine ya uchaguzi majirani wa huku wamewahi kufukuzana mashambani. Nilipomwambia mama yangu naolewa Kuresoi, aliweka kisu chini, kiazi nusu kikiwa na maganda, akauliza, "Kwani Nakuru yote wanaume wameisha?" Baadaye akaokota kisu akaendelea. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Mama mkwe hakuwahi kunionyesha ubaya. Alinichinjia kuku, alinipa blanketi, watoto wangu aliwalea likizo baada ya likizo. Aliniita "mtu wa Dundori," na nikikosea kitu alisema, "Si unajua ni mtu wa Dundori," kama anayemweleza mgeni kwamba mtoto bado ni mdogo. Nilicheka. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikulicheka: vibuyu.

Vilikuwa vitatu, vimening'inia ukutani jikoni kwake. Ndani yake alilaza mursik, yale maziwa yao ya kulazwa na mkaa, ambayo mgeni wa heshima hapokelewi bila hayo. Viwili vilikuwa vya kawaida. Cha tatu kilikuwa kikubwa, kina kifuniko cha ngozi na shanga, rangi yake imekuwa ya kahawia iliyoiva kwa kushikwashikwa. Alikuja nacho kutoka kwa mama yake siku aliyoolewa. Miaka kumi na moja niliosha masufuria ya nyumba ile, nikapalilia, nikapika chapati za watu arobaini. Kibuyu kile sikukigusa. Nikinyoosha mkono nikipanguse vumbi, nilisikia nyuma yangu, "Hiyo wacha."

Sikumwambia mtu, lakini iliniuma. Anayeshika kibuyu ndiye mwenye nyumba. Nilitaka kushikishwa kibuyu kile. Nilikitaka kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo kazini.

Halafu vidole vyake vikaanza kuvimba kwenye viungo. Mwaka huo Disemba, wifi yangu, kitinda mimba wao, alikuwa anaposwa, na wageni wangekuja kabla ya Krismasi. Mama mkwe alinipigia simu mwenyewe, yeye ambaye simu kwake ni kitu cha kupokea tu.

"Sasa," akasema, "hii mikono imekataa. Hiyo kibuyu kubwa utafanya wewe."

"Mimi?"

"Kwani hii simu iko na watu wangapi?"

Nilikaa kwenye kiti cha chumba cha kupimia nikacheka peke yangu. Wueh! Miaka kumi na moja.

Kulikuwa na tatizo moja. Ng'ombe wake alikuwa amechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa ya ng'ombe wa sindano hayafai mpaka siku zake zipite. Kazini kwetu yangerudishwa getini. Nikamwambia asijali, maziwa nitakuja nayo. Ningeyachukua kwa mama yangu. Wazo hilo lilinifurahisha zaidi ya kiasi: maziwa ya Dundori ndani ya kibuyu cha Kuresoi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Sasa, mitungi. Mitungi yetu myeupe ya vanila ikichakaa kidogo haitumiki tena, na wafanyakazi tunagawiwa. Watu huipigania. Ni plastiki nzito, kifuniko kinakaza, na kila nyumba ya mfanyakazi mwenzangu Nakuru hii inachota maji kwa mtungi huo. Mimi nilikuwa nao wangu. Niliuosha kwa maji moto na sabuni, nikausuuza, nikauanika juani siku mbili kinywa kikitazama juu, nikaingiza pua nikanusa. Safi. Mtu anayefanya kazi ya chakula anajua kuosha chombo, na mimi nilikuwa na uhakika kama wa mtu aliyesaini fomu.

Mama yangu alikamua mwenyewe alfajiri hiyo. Kabla ya kumimina, alifungua mtungi akanusa, maana watu wa maziwa hawamwamini mtu.

"Inanukia wewe," akasema, akacheka, akamimina.

Nilidhani ni mapenzi ya mzazi. Nikafunga mtungi, nikafunga safari.

Kule Kuresoi mama mkwe aliketi kwenye kigoda na mikono yake mapajani, akaniongoza kwa kidevu. Kwanza nichemshe maziwa, yapoe. Kibuyu kisuguliwe ndani kwa ufito wenye nyuzi, kikauke. Halafu mti maalum, ule wenye maua ya njano unaoota kando ya ua, nichome kijiti chake mpaka kiwe kaa jekundu, nilidondoshe ndani ya kibuyu, nisugue upesi kwa ufito kaa likivunjika, mpaka ukuta wa ndani wote uwe mweusi. Moshi uliniingia machoni, puani, mpaka kwenye nywele.

"Usiogope. Sugua. Unabembeleza nini?"

Nikasugua.

"Sasa hivyo. Umeona? Hata mtu wa Dundori anaweza."

Sikumbuki mara nyingine nimefurahi namna ile nikiwa mchafu namna ile. Tukamimina maziwa, nikafunga kifuniko cha ngozi, tukakiweka kona yenye giza. Wifi yangu alipita mlangoni akasimama, akaangalia kibuyu, akaniangalia mimi, akaenda zake bila neno. Kwake yeye hiyo ilikuwa heshima.

Baada ya siku kumi tulirudi, siku ya wageni. Asubuhi mama mkwe alifungua kibuyu mbele yetu sisi watatu, yeye, wifi na mimi. Alimimina kidogo kwenye kiganja, akaonja. Akanusa kinywa cha kibuyu. Akaonja tena.

"Nani ameweka sukari?"

"Hakuna mtu ameweka sukari," nikasema.

Wifi akaonja. Akaziba mdomo. "Ai! Hii ni kama ile ya supermarket. Ile ya kikombe."

Nikamnyang'anya kikombe nikanywa. Maziwa yalikuwa yamelala vizuri kabisa, makali, na moshi ule nyuma ya ulimi. Mursik kama mursik nyingine. Nikasema hivyo. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, maana kazi ya maziwa ndiyo iliyonilisha miaka yote hiyo.

Mama mkwe alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Umeweka dawa ya kazi yako kwa kibuyu ya mama yangu."

"Sijaweka."

"Ulitaka ikuwe tamu. Ulitaka wageni waseme ya mtu wa Dundori ni tamu."

"Mama, haki ya Mungu sijaweka kitu."

"Basi hii ninasikia ni nini? Nimezeeka, sijakufa pua."

Nilikasirika. Nasema wazi: nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Kama ningekuwa nimefanya, ningekubali. Mimi nina makosa yangu lakini uongo si mmoja wao. Nikamwambia kama haniamini achukue kibuyu chake alale nacho.

Wifi alitazama chini. Mama mkwe alifunga kifuniko polepole kwa vidole vile vilivyovimba, na sikumsaidia, na hilo ndilo linalonirudia zaidi ya maneno. Kisha akatoka kwenda kwa jirani kuazima maziwa ya wageni wake, siku ya kuposwa binti yake, akiwa na vibuyu vitatu nyumbani. Vile viwili vidogo hakuwa amevijaza; alikuwa ameweka tegemeo lote kwangu.

Wageni walikula, waliimba, waliondoka wameridhika. Mimi nilipakua pilau na kutabasamu. Mume wangu alipoambiwa nilichosema aliniuliza mara moja tu, "Ulimwambia hivyo mama?" na hakuuliza tena, afadhali angepiga kelele.

Mama mkwe alijaribu kukiokoa kibuyu. Wifi alinisimulia. Alikisugua kwa majivu, akakichemshia maji, akakitia moshi mara tatu, na kila maziwa yaliyolala humo yalitoka na utamu ule. Kibuyu kikishika harufu ngeni huwa hakina kazi tena ya maziwa. Aliwaambia watu ametia mbegu za maharagwe.

Ilikuwa Januari, kazini, nilipokuja kuelewa, na sikuelewa kwa akili bali kwa mlinzi. Nilikuwa natoka na ule mtungi wangu nikachote maji, nikakumbuka maneno ya mama yangu ghafla, "Inanukia wewe." Nikasimama hapo getini. Nikafungua kifuniko.

"Boss, hebu nusa hapa."

Mlinzi akanusa. "Keki, madam. Kwani kuna birthday?"

Nikamuuliza mama wa kuuza chai ng'ambo ya barabara. Keki. Nikamuuliza fundi viatu ambaye hata hanijui. Akasema, "Biskuti. Ziko wapi?" Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro na mtungi wangu magotini. Sikuwa nimedanganya, lakini niliyeharibu nilikuwa mimi. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja na hakuna lililonisaidia.

Nikampigia mama mkwe. Nikaomba msamaha kwa yale maneno ya kulala na kibuyu. Nikamweleza mtungi, vanila, pua, mlinzi wa getini na mlinzi wa pua. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama ripoti.

"Sawa," akasema.

Najua "sawa" za mama mkwe wangu. Hii ilikuwa ile anayompa mchuuzi anayeapa kwamba viazi ni vya jana. Na ningemlaumu vipi? Mimi huyu huyu ndiye niliyemwambia kila siku, nikiwa bado uani, kwamba ugali wake unashika sufuria. Nani ataamini kwamba pua hiyo haisikii kitu ambacho mtoto wa mgongoni anakisikia benki? Aliona nimepata sababu nzuri, tena ya kisomo. Msamaha alinipa. Kuniamini, hapana. Na nilichotaka ni kuaminiwa, maana msamaha wa mtu anayedhani wewe ni mwongo hauliwi ukashiba.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imekolea, kiwanda kilifungwa siku tatu kwa ajili ya kukarabati bomba. Niliamua kwenda Kuresoi bila kupiga simu, kwa sababu nikipiga ningeambiwa barabara ni mbaya. Barabara kweli ilikuwa mbaya. Nilifika saa tano asubuhi na tope mpaka magotini. Wifi alikuwa ameshaolewa, nyumba ilikuwa kimya. Nilipita moja kwa moja jikoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, kibuyu kikubwa kati ya magoti yake, kile cha shanga, anamimina maziwa kwenye kikombe chake cha bati.

Aliponiona alishtuka, akafanya kama anataka kukificha kibuyu, lakini kibuyu kile huwezi kukificha, ni kama kuficha mbuzi.

"Wewe! Unaingia kwa watu namna hiyo?"

"Si kina maharagwe?"

"Maharagwe nilitoa." Akanywa, ili asiongee. Halafu akaona naendelea kusimama. "Nini? Unataka? Lete kikombe."

Nikaleta kikombe. Akanimiminia. Nikanywa. Moshi, ukali, maziwa yaliyolala sawasawa. Nikasikia furaha imenipanda mpaka kooni. Miezi mitano ya kubeba jambo lile, kumbe limekwisha.

"Imetoka!" nikasema. "Mama, imetoka kabisa! Si nilijua itatoka? Hata kidogo haiko. Hii sasa ni mursik yenyewe!"

Alishusha kikombe chake. Alinitazama usoni, si juu mpaka chini kama siku ile, bali usoni tu, kwa muda mrefu, nami nikiwa bado natabasamu kama mjinga. Akachukua kikombe changu mkononi, akakinusa, akanirudishia chini ya pua yangu kabisa.

"Husikii?"

"Kusikia nini?"

"Hii. Imejaa hapa ndani yote. Husikii?"

Nikavuta pumzi. Moshi. Maziwa. Tope langu mwenyewe. "Hapana," nikasema. "Iko?"

Akaweka mkono mdomoni. "Kumbe," akasema. Kisha tena, taratibu, "Kumbe ni ukweli. Na mimi nikakuita mwongo mbele ya mtoto."

Nililia, na sikuona sababu ya kusingizia moshi. Alinisubiri nimalize. Yeye si mtu wa kumshika mtu bega.

Baadaye nikamuuliza, kama bado iko, anakunywa ya nini.

Alichochea moto kwanza. "Mara ya kwanza ni sababu maziwa haitupwi," akasema. "Halafu nikazoea. Mtoto akaenda kwake. Mvua ikaanza, mtu haji, ni mimi na hii paka. Nikifungua hii kibuyu, nasikia kama kuna mtu ameingia."

Alisema hivyo akiangalia moto, kisha akanikumbusha nina tope na kwamba nakanyaga kwake.

Jioni alinituma kukamua. Aliniambia nitumie ndoo yake, na kama nina mtungi wowote niuache huko huko Nakuru mpaka mwisho wa dunia. Niliporudi alikuwa ameshusha kibuyu, ameandaa ufito na kijiti cha ule mti, na ameketi na mikono mapajani, tayari kuniongoza kwa kidevu.

Sikutaka makosa tena. Nilikwenda kwenye beseni nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikanawa tena. Nikachukua majivu, nikasugua kati ya vidole, kwenye kucha, nikasuuza, nikachota majivu mengine. Mikono haikunukia chochote tangu mwanzo, kwangu mimi, kwa hivyo sikuwa na njia ya kujua nimefika wapi. Nikaendelea tu kusugua.

"Inatosha," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Usitoe yote."